Mwisho Tulionyimwa na Kimani Mdomo

Kinanda cha kukunjua, kile wazee wa kwetu walichezea ngoma ya mwomboko, huvuta pumzi kabla hakijalia. Juzi nilikuwa nimeinamia beseni la nguo za watu hapa Mwiki nikasikia pumzi hiyo ikivutwa nyuma ya ukuta wa jirani. Halafu wimbo ukaanza, polepole, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amechoka. Mikono yangu ikasimama ndani ya maji.

Niliinuka na povu likinitiririka mpaka viwiko, nikaenda kuchungulia. Alikuwa Brayo, kijana wa jirani, amekaa kwenye ndoo na simu yake.

"Unatazama nini, Brayo?"

"Katuni tu, anti. Ya kitambo sana. Ya watu wanaangushiwa bomu."

"Usiizime," nikamwambia, nikakaa chini kwenye simiti.

Nitawaambia nilichokiona kwenye simu hiyo. Lakini lazima kwanza niwapeleke Thika, kwa maana bila Thika mtaona ni mama mzima analilia picha za kuchorwa.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Tuliishi nyuma ya viwanda, kwenye ploti ya mabati ya Mzee Njogu. Huyo ndiye wa kwanza kumtaja, na nitawataja wote wenye lawama, kwa sababu miaka hii yote sisi ndio tumetajwa na wao wamezeeka vizuri wakiwa kimya. Mzee Njogu alijenga vyumba vyake bila dirisha hata moja. Dirisha, alisema, ni mlango wa mwizi. Ukimwuliza mpangaji atapumulia wapi, alikuonyesha barabara. Baba alikuwa Ruiru, kwenye shamba la kahawa, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Chumbani tulikuwa mama, mimi, na ndugu yangu mdogo Kariuki, ambaye hakuwa ameanza shule na ambaye kifua chake kilipiga filimbi kila baridi ilipoingia.

Na mabati ya Thika mwezi wa saba hupitisha baridi kama chujio linavyopitisha chai. Kwa hivyo baridi ilipokaribia, akina mama wa ploti walikoroga uji mzito wa unga wa ngano, wakabandika magazeti na maboksi ukutani, tabaka juu ya tabaka, mpaka chumba kikawa kama ndani ya kifurushi. Kilinuka unga mbichi, wino na makaa. Mimi nilijifunza kusoma zaidi kwenye ukuta huo kuliko kwa mwalimu. Kulikuwa na waziri mmoja aliyebandikwa miguu juu kichwa chini, na Kariuki alimsalimia kila asubuhi akiwa amejipindua kitandani. "Nyumba ya maskini," mama alikuwa akisema, "hupakwa rangi na habari za matajiri." Kariuki alilamba uji huo vidoleni mpaka mama akamtishia kwamba tumbo lake litajifunga kama bahasha.

Sasa wa pili. Kimani alikuwa na banda la vidio karibu na soko, na tulimwita Kimani Mdomo kwa kuwa mdomo ndio ulikuwa mtaji wake. Sinema zilikuja na lugha za wenyewe. Yeye alisimama kando ya televisheni na fimbo, akatueleza kila kitu kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kikuyu, akiiga sauti ya kila mtu, hata ya farasi. Nasema ukweli, hata mimi niliye na uchungu naye: alikuwa mtamu. Mtu angetoka kwenye banda lake akidhani majambazi wa sinema wote walizaliwa Gatundu.

Mwaka huo redio ilijaa vita vya mbali na mabomu ambayo, watu walisema, lingeanguka moja tu na nchi ingebaki majivu. Hakuna aliyetueleza ni nchi ya nani. Kimani alinusa woga wetu jinsi nzi anavyonusa kidonda. Jumapili moja baada ya kanisa alipita ploti zote na kipaza sauti chake.

"Akina mama! Wacheni kufua! Leo ni sinema ya vita vinavyokuja! Njooni muone vile mtu wa kawaida, mtu kama wewe na mimi, anajiokoa na bomu kubwa!"

Akina mama hawakuwa watu wa vidio, lakini siku hiyo walienda, na leso zao za kanisani. Mama alimbeba Kariuki mgongoni. Tulijibana kwenye mabenchi, magunia yakashushwa mlangoni, na kwenye kioo kikatokea kijiji cha kuchorwa kwa rangi za maji, na mtu mnene akitengeneza gurudumu.

"Huyu ni Kamau, fundi wa baiskeli kule Makongeni," Kimani akaanza. "Huyu bibi yake, mkali kama siafu kwenye soksi. Huyu msichana wao. Na huyu kuku anayeshikwa na msichana ni wa mama mkwe, kwa hivyo hakuna mtu kumgusa."

"Hata kuku ana ukoo!" akasema Mama Shiro, jirani yetu, na banda zima likacheka.

Tulicheka sana mwanzoni. Fundi alianguka kwenye pipa la maji. Jioni alipiga kinanda chake cha kukunjua na bibi akacheza na ufagio. Halafu akaja mkubwa wa kijiji mwenye kofia ndefu, akapanda juu ya gari la ng'ombe, akasoma karatasi.

"Chifu anasema," Kimani akatueleza, na sauti yake ikawa ya baraza, "king'ora kikilia, kila mtu aingie kwake. Azibe kila tundu. Asitoke mpaka king'ora kinyamaze."

Kisha ukaja mwanga. Haukuwa na sauti. Kioo kikawa cheupe kabisa, na sote kwenye banda tukawa weupe, nikaona uso wa mama kama wa mtu nisiyemjua. Kimani mwenyewe alishusha fimbo. Kwenye kioo king'ora kilikuwa kinalia, na yule fundi na bibi yake na msichana walikimbia ndani, wakakoroga uji kwenye sufuria, wakaanza kubandika karatasi kwenye nyufa za nyumba.

Mnaelewa? Akina mama wakapiga kelele kwa mshangao.

"Haiya! Kumbe na wao wanabandika!"

"Na unga wa ngano, ona!"

Kila mmoja pale alijua kazi hiyo kwa vidole vyake. Majivu yalianguka nje kama maua ya kahawa, na ndani familia ikakaa mezani, fundi akachukua kinanda, akapiga polepole, msichana akimkumbatia kuku. Hapo Kimani Mdomo alinyoosha mkono akazima.

"Wakaokoka!" akasema kwa nguvu. "King'ora kikanyamaza, wakatoka, wakamla yule kuku wa mama mkwe!"

Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Na wale wa nje, Kimani?"

"Wa nje ndio hawakumsikiza Chifu, Mama Ciru."

Ciru ni mimi. Tukarudi nyumbani, na nikamwona mama akipitisha kiganja chake ukutani, polepole, kutoka kona hadi kona, akitafuta mahali upepo unaingilia.

Haikupita muda mrefu. Ilikuwa mchana wa manyunyu, githeri ya mahindi na maharagwe ikichemka kwenye jiko la makaa mlangoni, na king'ora cha kiwanda cha magodoro kikalia. Tulikijua, kililia kidogo watu wakibadilisha zamu, kikakoma. Siku hiyo hakikukoma. Tukatoka nje, tukaona moshi mweusi umesimama juu ya paa za viwanda kama nguzo, na kule juu umefungua kichwa kama uyoga. Niliona macho ya mama, nikajua anaona nini. Na mimi nilikuwa naona hilo hilo.

Mama hakuwa mjinga. Kwanza alienda kuuliza. Nilimfuata mbio mpaka geti la kiwanda, na hapo ndipo alipo mtu wangu wa tatu: Supavaiza Mureithi. Alikuwa ndani ya geti lililofungwa kwa mnyororo, akifukuza watu kwa mikono. Stoo ya magodoro ilikuwa inaungua nyuma yake, wakubwa walikuwa njiani, na hakutaka watu wa mabati wasimame pale wakiona.

"Bwana supavaiza, ni nini hiyo?" mama akauliza.

"Rudini manyumbani. Jifungieni. Msitoke mpaka king'ora kinyamaze."

"Ni bomu?"

Alimwangalia mama kama mtu aliyeulizwa saa na mbuzi. "Eeh, mama," akasema. "Ni bomu. Haya, nenda."

Yalikuwa maneno ya Chifu wa katuni, neno kwa neno. Mama angefanya nini? Niambieni nyinyi mliosoma.

Kwenye ploti watu walikuwa wamegawanyika. Wengine walijifungia, wengine walikuwa wanabeba vitu. Mama Shiro alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani.

"Mama Ciru, twende! Tukimbilie kwa mashamba ya mananasi!"

"Na kifua cha Kariuki, kwa mvua hii?" mama akajibu. "Afie huko kwa mananasi?"

"Basi Mungu akulinde."

Mama akaingiza jiko ndani, kwa maana githeri ilikuwa bado na mtoto alikuwa anatetemeka. Akafunga mlango. Akatumia unga wote uliokuwa umebaki, akakoroga, akabandika pembezoni mwa mlango, chini ya paa, kwenye matundu ya misumari. Mikono yake ilikuwa myepesi na mizuri kuangalia. Nilimpasulia magazeti. Alipofika pembe ya chini ya mlango, bakuli lilikuwa limekwisha. Alilifuta kwa kidole, akafuta tena. Pale chini kukabaki tundu, labda la kupitisha ngumi ya mtoto.

Kisha akatupanga. Kariuki alimlaza kwenye gunia karibu na jiko, akamfunika blanketi letu moja. Mimi akaniambia nilale mlangoni.

"Nataka huko kwa moto," nikasema.

"Wewe una damu ya moto. Lala hapo, zibia tundu kwa mgongo."

Nililia. Si kwa ajili ya bomu. Nililia kwa kuwa Kariuki ndiye alipewa pazuri siku zote, na blanketi, na maziwa, na paja la mama. Upepo uliotoka kwenye tundu ulinichoma kama sindano. Na kwa hasira sikuziba kwa mgongo. Niligeuka, nikaweka uso wangu pale, nikachungulia nje nione majivu yakianguka. Niliona matope tu na ndala moja ya mtu.

"Mama," Kariuki akaita nyuma yangu, "kuku tutamla saa ngapi?"

"Kuku gani, baba?"

"Wa mama mkwe."

Mama akacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia kutoka kwake kikiwa kizima. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani, chini chini, na king'ora kikilia juu yake, kikilia, kwa sababu Mureithi alikuwa ameenda zake na hakuna aliyebaki wa kukizima. Kichwa kikaniuma. Miguu yangu ikawa ugali. Nilisikia wimbo ukipotea maneno, halafu ukapotea.

Aliyetutoa ni Mama Shiro. Alirudi kutoka kwa mananasi jioni akiwa ameloa, akagonga, akaona kimya, akaubomoa mlango kwa jiwe la kufulia. Nilisikia karatasi zikipasuka. Tulilazwa kwenye matope, mvua ikitupiga usoni. Kariuki alikuwa na mashavu mekundu, mazuri, kama mtoto aliyetoka kucheza. Watu wakasema, "Huyu yuko sawa, amelala tu," wakahangaika na mama kwanza.

Hakuwa amelala.

Mama aliamka hospitalini, na alipoamka alikuta ameshahukumiwa. Ploti nzima ilisema Mama Ciru alichoka na maisha, akajifungia na jiko awamalize watoto na yeye mwenyewe. Polisi walimweka ndani, wakamtoa. Kwenye baraza la naibu wa chifu, Mureithi alisimama na tai, akasema moshi haukufika kwenye ploti na hakuna mtu aliyeambiwa ajifungie. Mzee Njogu akasema vyumba vyake havijawahi kuua mtu. Na Kimani Mdomo, ambaye siku zote alikuwa na sauti ya kila kiumbe, alikaa kwenye benchi la nyuma akiangalia viatu vyake. Angesimama tu. Angesema, mimi ndiye niliwaonyesha. Wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wameona ile katuni, na wao pia walinyamaza, kwa maana nani angekubali mbele ya chifu kwamba alifuata maagizo ya fundi baiskeli wa kuchorwa?

Baba alituhamisha Ruiru, tukaishia Kiuu. Shule niliiacha darasa la tano. Na mama akaanza ugonjwa wake wa matambara. Kila nyumba tuliyopanga alizunguka na vitambaa, akiziba: chini ya mlango, kando ya dirisha, mahali panya alipopita. Mimi nilizibua akigeuka. Tuliishi hivyo, mmoja akiziba na mwingine akizibua, bila kusemezana. Nilidhani ni wazimu wa huzuni. Nikiwa tayari nimezaa, nesi mmoja wa kliniki ndiye alinieleza ile sumu ya makaa isiyo na harufu, na vile wenye bahati ni wale wanaolala penye upepo. Nilirudi nyumbani nikajaribu kumwambia mama. Alinikata.

"Jiko limenilea mimi, na mama yangu, na wewe. Jiko haliui. Niache."

Sasa turudi kwa simu ya Brayo. Safari hii hakukuwa na mkono wa kuzima. Fundi alipiga kinanda. Kisha kuku akainamisha shingo, akalala, na msichana akamtikisa. Kisha msichana akaweka kichwa mezani. Bibi akamfunika leso, akakaa karibu naye, naye akanyamaza. Fundi aliendelea kupiga, noti zikizidi kuachana, mpaka mkono ukateleza na kinanda kikajifunga chenyewe kwa pumzi ndefu. Karatasi zote zilikuwa zimeshika vizuri ukutani. Nje majivu yakafunika dirisha, ikaisha.

Nilivua aproni nikaenda Ruiru. Aliko Kimani si siri. Ana duka la vifaa vya simu na ni mzee wa kanisa. Alinikumbuka.

"Mwisho wa ile katuni uliujua?" nikamwuliza.

"Katuni gani, Ciru? Woi. Hiyo ya kitambo?" Akajikuna. "Niliionyesha nzima mara moja tu, kule mwanzoni. Watu walitoka wakilia, hakuna aliyerudi Jumapili iliyofuata. Mwisho kama huo hauna biashara."

"Kariuki alikufa."

"Lakini dada yangu, ilikuwa katuni! Watu wa kuchorwa! Nani alijua mtu mzima atafuata?"

"Wewe ulituita na kipaza sauti tuje utuonyeshe vile mtu anajiokoa."

Akaanza kupanga chaji za simu ambazo zilikuwa zimepangwa.

Nikaenda kwa mama, Kiuu, na simu ya Brayo mkononi. Mama ni mzee sasa, macho yake yana ukungu, lakini alipousikia wimbo aliishika simu kwa mikono yote miwili. Alitazama bila kupepesa. Kuku akalala, msichana akalala. Ilipoisha akaniomba niirudishe pale wanapobandika. Akatazama tena, akiisogeza karibu na pua, akikagua kazi kama fundi anavyokagua ya fundi mwenzake.

"Hawa walibandika vizuri," akasema. "Hawakuacha hata tundu moja."

"Hawakuacha."

"Na wamekufa wote."

"Wote, maitu."

Aliiweka simu mapajani. "Mimi niliacha tundu," akasema. "Pale chini, kwako. Unga uliisha. Miaka hii yote nimesema, ningeazima kijiko kimoja tu cha unga kwa Mama Shiro kabla hajaenda, moshi haungeingia, Kariuki angekuwa mtu mzima."

Matambara yale yote. Alikuwa akiziba tundu moja tu, lile la Thika, na mimi nikilizibua kila alipogeuka.

"Basi kama si tundu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "ni nani aliyemwua?"

Nikamwambia. Mzee Njogu, aliyejenga bila dirisha. Mureithi, aliyesema ni bomu. Kimani Mdomo, aliyejua mwisho akatunyima.

"Ni hao tu?"

"Ni hao tu, maitu."

Jiko sikulitaja. Wala sikumwambia kwamba kijiko kile cha unga, kama angekipata, kingenimaliza na mimi. Kwamba niko hai kwa kuwa kwetu unga haukutosha. Msichana yule mlangoni, yaani mimi, alilia akidhani hapendwi. Leo najua mama alikuwa na joto la mtu mmoja tu la kugawa, akampa aliyekuwa mgonjwa, kama ambavyo ningefanya mimi, kama ambavyo ungefanya wewe. Hilo sitaliweka kwenye mstari mmoja na majina ya wale watu.